Kurekodi albamu ya hevi metali Nakuru: ngoma halisi au za kompyuta?

Nyuzi_za_Nax

Habari wadau. Sisi ni bendi ya watu wanne hapa Nakuru: magitaa mawili, besi na ngoma, na mpiga gitaa mmoja ndiye mwimbaji. Tuna nyimbo nane, jumla dakika 35 hivi, na tunataka kurekodi wenyewe kabla mvua ndefu hazijaanza. Magitaa yameshushwa hadi C (C-G-C-F-A-D). Nyimbo tatu zinakwenda mapigo 190 kwa dakika, kiki (ngoma kubwa ya mguu) mfululizo kwa pedeli mbili.

Vifaa: laptopu yenye Reaper (programu ya kurekodi), kadi ya sauti ya Behringer UMC1820, maiki mbili za Shure SM57, seti ya maiki za ngoma za bei nafuu, amplifaya moja ya gitaa. Ukumbi ni wa kanisa upande wa Lanet, sakafu ya saruji, paa la mabati, hauna dari.

Wimbo wa majaribio tuliouweka mtandaoni haukupokelewa vizuri. Wanaoijua metali wanasema magitaa yanalia kama nyuki ndani ya mkebe na kiki haisikiki kabisa. Wasioijua wanasema ni kelele tu, hao tumewasamehe. Sasa: turekodi ngoma halisi au tuziandike kwenye kompyuta? Magitaa tuyafanyeje? Na albamu ikikamilika tuitoe vipi ili iwafikie wanaosikiliza muziki huu?

FundiMiksi

Ukumbi kwanza, maiki baadaye. Pigeni kofi moja pale katikati msikilize: saruji chini na mabati juu bila dari huishikilia sauti muda mrefu, na kwenye mapigo 190 kila pigo litakuta la kabla yake halijafa. Ngoma zisiwekwe katikati kabisa wala kwenye kona. Kona hukuza sauti nzito kupita kiasi, katikati huzipunguza. Anzeni kwenye theluthi moja ya urefu wa ukumbi, kisha msogeze nusu mita nusu mita mkisikiliza kiki.

Zulia nene chini ya ngoma, magodoro yasimamishwe nyuma ya mpigaji na pembeni. Trei za mayai ambazo kila studio ya mtaani imezibandika ukutani msihangaike nazo: hupunguza kidogo sauti za juu tu, za kati na nzito hupita kana kwamba hakuna kitu, na moto ukizishika hazingoji. Kinachofanya kazi ni unene. Mkipata rokuulu (sufi ya madini) ya sentimita 10, itieni kwenye fremu za mbao, mfunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, muiache sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Fremu mbili zining'inizwe juu ya matoazi, maana mabati ndiyo adui mkubwa hapo.

Rekodini asubuhi. Mvua ya alasiri ikigonga mabati haiondolewi na plagini yoyote bila kuondoka na matoazi. Halafu kumbukeni kanuni za kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira: kwenye makazi kiwango cha nje ni desibeli 50 mchana na 35 kuanzia saa mbili usiku, na ngoma peke yake zinapita 100 ukisimama karibu nazo. Ongeeni na mwenye ukumbi na majirani mapema, kwa maandishi ikiwezekana.

UMC1820 ina priampu nane, na nane zinatosha: kiki, snea juu, snea chini, tomu mbili, tomu ya sakafuni, na maiki mbili za juu. Maiki ya snea chini igeuzwe polariti, la sivyo itafuta mwili wa ile ya juu na snea itabaki kukwaruza tu. Maiki za juu zikiwa za kondensa zinahitaji volti 48, na zote mbili ziwe umbali ule ule kutoka katikati ya snea. Pimeni kwa kamba, msikadirie kwa macho. Zikiwa mita moja juu, snea inazifikia milisekunde 2.9 baada ya kufika kwenye maiki ya karibu, yaani sampuli 140 (hapa ni vipimo vya kidijitali) kwa kiwango cha 48 kHz. Kwenye miksi mnaweza kusogeza rekodi za maiki za karibu ziendane na za juu. Mkifanya hivyo, sogezeni zote kwa kiasi kimoja.

Ngozi ziwe mpya, za tabaka mbili kwenye tomu. Zivutwe, ziachwe usiku mzima, zivutwe tena. Asubuhi ya Nakuru ina baridi na mchana una jua, kwa hiyo kagueni mvuto kabla ya kila wimbo.

Jambo moja watu hulipuuza: kabla ya wimbo wa kwanza, rekodini kila ngoma peke yake, mapigo kumi ya nguvu na kumi ya wastani, mkiacha kila pigo life kabisa. Hizo ndizo sampuli zenu. Kiki isiposikika baadaye mtaichanganya na sauti ya ngoma yenu wenyewe, si ile iliyopakuliwa mtandaoni.

Toazi_Kavu

Mimi nasema ziandikeni. Kwa seti ya maiki za bei nafuu na ukumbi wa mabati, siku tatu za kuhangaika zitawapa ngoma mbaya kuliko MT Power Drum Kit, programu ya ngoma ambayo ni ya bure. Albamu nyingi za metali mnazozipenda zina kiki na snea zilizobadilishwa kwa sampuli, kwa hiyo msione haya.

Kosa liko kwenye uandishi. Mtu huweka kila pigo kwenye gridi, nguvu 127 (ya juu kabisa kwenye programu) mwanzo hadi mwisho, kisha anashangaa kwa nini inasikika kama mashine ya kushona. Kiki za mfululizo ziwe kati ya 105 na 120, mguu wa kushoto ukiwa chini kidogo ya wa kulia. Snea ya pigo kuu 120 na kuendelea, zile ndogo za katikati 30 hadi 50. Wala msiandike kitu ambacho mtu mwenye mikono miwili hawezi kukipiga. Wapiga ngoma ndio wa kwanza kucheka.

Nyuzi_za_Nax

Asanteni. Mpiga ngoma wetu ni mzuri wa mikono, ila kwenye 190 miguu inachoka baada ya dakika mbili na kiki zinapungua nguvu. Hilo linabadilisha jibu?

FundiMiksi

Linabadilisha. Rekodini mikono halisi: snea, tomu, na hasa matoazi, kwa sababu matoazi ya kompyuta ndiyo hutambulika haraka. Kiki za nyimbo hizo tatu ziandikwe kwa sampuli mlizorekodi. Kwenye Reaper kuna ReaSamplOmatic5000 ya kupiga sampuli, haina gharama ya ziada. Kwenye hizo nyimbo apige kiki ya mazoezi yenye ngozi ya wavu, au aweke blanketi ndani, ili kiki halisi isivuje kwenye maiki za juu na kugongana na ya sampuli.

Hesabu ya kuzingatia: kwenye mapigo 190, kiki nne kwa kila pigo zinaachana milisekunde 79. Sampuli yenye mkia wa milisekunde 200 itajaza nafasi yote na mtasikia mngurumo bila mapigo. Kateni mkia ufike 70 hivi, punguzeni eneo la 250 hadi 400 Hz, kisha inueni kati ya 4 na 6 kHz ambapo ule mgoto wa kipigio kwenye ngozi unasikika. Kwenye nyimbo za polepole rudisheni mkia mrefu. Kiki moja kwa albamu nzima ni uvivu.

Na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) iwe masikioni mwa mpiga ngoma tangu mwanzo, pamoja na gitaa la mwongozo. Bila hivyo uhariri wote huu hauwezekani.

Besi_Kondele

Hao nyuki wanaweza kuwa wametoka sehemu mbili: nyuzi nyembamba na distosheni nyingi.

Gitaa la kipimo (urefu wa uzi) cha inchi 25.5 lililoshushwa hadi C linataka seti ya 11-54 (unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi) kwenda juu. La inchi 24.75 linataka 12-60 au karibu na hapo. Mkibaki na 9-42, uzi wa sita unalegea, ukiupiga kwa nguvu sauti inapanda mwanzoni kisha inarudi, na hakuna tuna itakayowasaidia kwa sababu kila pigo lina kimo chake. Mkibadilisha unene, shingo itavutwa upya na njia ya uzi kwenye kidaraja cha juu huenda ikahitaji kupanuliwa kidogo, mpeni fundi. Kisha rekebisheni oktava kwenye freti ya 12 kwa kila uzi, na mtuni mkipiga kwa nguvu ile ile mtakayotumia kwenye wimbo. Nyuzi mpya kila baada ya nyimbo mbili. Huku Kisumu kwenye unyevu wa ziwa hata hizo mbili ni nyingi. Nakuru mna ahueni. Nyuzi za besi ni ghali, na zilizochoka zinaweza kuchemshwa dakika kumi, zikakaushwa kabisa, zikarudi na mng'aro wa muda mfupi. Zirudisheni siku hiyo hiyo ya kurekodi.

Distosheni: ile mnayotumia jukwaani ipunguzeni kwa theluthi. Mkirekodi gitaa mara mbili, kushoto na kulia, distosheni inajijaza yenyewe. Kila upande upigwe upya kuanzia mwanzo. Msinakili rekodi moja na kuichelewesha kidogo ili ionekane kama magitaa mawili: kwenye hedfoni itadanganya, kwenye simu yenye spika moja pande mbili zinagongana na gitaa linakonda. Wasikilizaji wetu wengi wako kwenye simu hizo.

Maiki ya SM57 ianze sentimita 2 hadi 3 kutoka kitambaa cha spika, ikielekea mpaka wa koni na kifuniko cha katikati. Ikisogea katikati inachoma, ikisogea pembeni inafifia. Sogezeni sentimita moja moja mtu akiwa anapiga. Hilo ni bora kuliko ikwalaiza yoyote. Wakati huo huo rekodini sauti safi ya gitaa kwenye chaneli nyingine kwa kutumia kisanduku cha DI, kinachoingiza gitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Mkijuta baadaye, mnaipitisha upya kwenye amplifaya au kwenye Neural Amp Modeler, programu ya bure ya kuiga amplifaya. Ukitumia programu ya namna hiyo bila sampuli ya kabati la spika, ndipo hao nyuki wanapozaliwa: kabati halisi hukata karibu kila kitu juu ya 5 au 6 kHz. Wekeni sampuli ya kabati, kisha kata ya juu kwenye 9 kHz hivi.

Chini, kateni magitaa kwenye 80 Hz. Najua C ya chini ni 65 Hz, iacheni, hiyo ni kazi ya besi. Besi yenyewe inashuka hadi 33 Hz, ambayo simu haiwezi kuitoa, kwa hiyo irekodini safi kisha mnakili njia mbili: moja safi iliyokatwa juu ya 200 Hz, nyingine yenye distosheni iliyokatwa chini ya 300 Hz. Ile ya pili ndiyo itakayowafanya watu waisikie besi kwenye spika ndogo. Mkumbuke ile albamu ya Metallica ya 1988, *...And Justice for All*: hadi leo watu wanabishana kwa nini besi karibu haisikiki. Msiwape wakosoaji kazi rahisi namna hiyo.

Umeme: laptopu, kadi ya sauti na amplifaya zitoke soketi moja yenye waya wa ardhi. Mkisikia mlio wa 50 Hz chomoeni chaja ya laptopu kwanza. Mara nyingi ndiyo yenyewe. Mkizisikia 100 na 150 pamoja nayo, zimeni taa za mrija na mumgeuze mpiga gitaa pembe nyingine. UPS ishike laptopu na kadi ya sauti, amplifaya iachwe nje, itaimaliza betri.

Toazi_Kavu

Nyongeza kuhusu nafasi ya diski: chaneli nane kwa 24 biti na 48 kHz, wimbo wa dakika nne unakula karibu MB 276 kwa rekodi moja. Mkirudia mara kumi ni karibu GB 2.8. Nakala mbili kwenye diski tofauti kila jioni, na moja isilale ukumbini.

Ngurumo_Kakamega

Hakuna aliyegusa sauti ya kuimba. Mtu anayepiga gitaa na kuimba jukwaani asirekodi vyote kwa pamoja. Sauti ije mwisho, siku zake peke yake. Kunguruma kunatoka kwenye pumzi ya tumboni na mikunjo ya juu ya koo. Kukiuma, kunafanywa vibaya: asimame siku hiyo, asijaribu kupitiliza. Nusu saa ya kupasha sauti, maji ya kawaida, saa mbili za kazi zinatosha kwa siku. Minong'ono baada ya hapo inachosha koo zaidi, bora anyamaze.

Maiki ya mkononi kama SM58 inafaa kuliko kondensa kwenye ukumbi huo, kwa sababu inachukua kuta kidogo. Asiifunike kichwa kwa kiganja kama wanavyofanya kwenye video. Sauti inazibika na maneno yanapotea.

Kama mnaimba kwa Kiswahili, pangeni mistari ili silabi ya pili kutoka mwisho iangukie snea. Ikiangukia pengine, hata mwenye lugha hataelewa kinachongurumwa. Konsonanti za mwanzo zitamkwe kupita kiasi, irabu zitajibeba. Rekodini mara mbili, ya pili iwe chini desibeli 6 hadi 8, na kwenye korasi pekee.

Rifu_ya_Riat

Nichukue upande wa kutoa na mapokezi, nikianza na masteringi (umaliziaji wa sauti baada ya miksi) maana ndipo vinapokutana.

Spotify na YouTube husawazisha sauti hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika). Mkisukuma hadi -6, wataishusha desibeli 8 na kitakachobaki ni snea iliyobanwa. *Death Magnetic* ya Metallica ya 2008 ndiyo mfano ambao kila mtu anautaja: mashabiki walilalamika kwamba imebanwa hadi inapasuka, na wakagundua nyimbo hizo hizo kwenye mchezo wa *Guitar Hero* zilikuwa zinapumua zaidi. Kwa metali, -10 hadi -9 kwa sehemu nzito inatosha, kilele cha kweli kisipite -1 dB. Nyimbo tulivu ziachwe chini. Albamu nzima kwenye kiwango kimoja inachosha masikio ifikapo wimbo wa nne.

Kujaribu miksi: simu, hedfoni za bei rahisi, spika ya Bluetooth, na ikiwezekana matatu yenye sabufa kubwa. Matatu itawaonyesha haraka kama kiki na besi zimekalia mahali pamoja, kwa sababu gari zima litavuma noti moja.

Mpangilio wa nyimbo: bendi za metali zinapenda kufungua kwa dakika mbili za radi na kengele. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30. Mtu asiyewajua ataruka kabla gitaa halijaingia, na hamtahesabiwa kitu. Radi iwe sekunde kumi, au iende mwisho wa wimbo wa pili. Wimbo wa kwanza kutangazwa usiwe mrefu kuliko yote, uwe ule ambao rifu yake (mstari wa gitaa unaojirudia) inashika.

Karatasi: kabla ya kupakia chochote, andikeni nani ametunga nini na mgao wa asilimia, mkatie saini wote wanne. Hakimiliki inaanza pale kazi inaporekodiwa, lakini kuisajili KECOBO (bodi ya hakimiliki) kunawapa ushahidi. Kwa miaka mingi chama cha kukusanya mirabaha cha watunzi kilikuwa MCSK, cha waigizaji na wapigaji PRISK, na kwa kuwa mnajirekodi wenyewe nyie pia ni wazalishaji, ambao chao kilikuwa KAMP. Thibitisheni KECOBO ni vyama vipi vina leseni kwa sasa kabla ya kulipa ada ya kujiunga.

Msambazaji mmoja tu wa mitandaoni, msipakie kwa wawili. Mpeni wiki nne. Ombi la kuwekwa kwenye orodha za wahariri wa Spotify linatakiwa angalau siku 7 kabla ya tarehe ya kutoka, na nadhani wiki tatu ni salama zaidi. Tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kule, kwa hiyo fedha msizitegemee huko. Bandcamp inakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na 10 ya fulana na kanda, malipo yanakuja PayPal, na PayPal inatoka M-Pesa. Mashabiki wa metali bado hununua, ilmradi wakute faili bora, maneno ya nyimbo na picha nzuri ya jalada. Jalada liwe mraba wa pikseli 3000. Nembo ya mizizi isiyosomeka sawa, ila jina la bendi liandikwe pia kwa herufi za kawaida mahali fulani, vinginevyo hakuna atakayeweza kuwatafuta.

Wakosoaji: watumieni wiki sita hadi nane kabla, kiungo kimoja cha kupakua kisichohitaji kujisajili, aya tatu kuhusu albamu, picha moja, maneno ya nyimbo. Msiandike "bendi ya kwanza ya metali Kenya". Si kweli, Nairobi ina bendi hizi tangu zamani, na anayefuatilia anaijua Duma na albamu yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda, au Skinflint na Overthrust za Botswana. Semeni mnachofanya kwenye muziki: kama mna rifu iliyojengwa juu ya mpigo wa benga au isukuti, itajeni kwa jina la wimbo na dakika inapoanzia. Mwandishi hupata la kuandika.

Nyumbani, tarajieni swali la shetani. Serikali iliwahi kuunda tume nzima ya uchunguzi mwaka 1994, na shaka ile haijaisha. Kwa vile mnarekodi kwenye ukumbi wa kanisa, wapeni wenye ukumbi maneno ya nyimbo zote kabla ya siku ya kwanza. Kuliko waje kuuliza katikati ya rekodi.

Maoni yakianza kuja, msiyahesabu, yatengeni. Watu wanne wasiojuana wakisema sauti ya kuimba iko chini, iko chini. Mmoja akisema ngoma ni za kompyuta na mwingine akasifu zilivyo hai, acheni hivyo hivyo.

Nyuzi_za_Nax

Nashukuru sana. Tumeelewana kuhusu kiki za sampuli, mpiga ngoma amekubali shingo upande. La mwisho: tukitaka mtu mwingine atufanyie miksi, tumpelekee nini?

FundiMiksi

Kila chaneli faili lake la WAV, 24 biti, zote zikianzia sekunde sifuri hata kama gitaa linaingia dakika ya tatu. Bila kompresa, bila mwangwi, kilele karibu -6 dB. Gitaa la maiki na lile safi, yote mawili. Majina mafupi yenye namba: 01_kiki, 02_snea_juu. Faili la maandishi lenye kasi ya kila wimbo na mahali inapobadilika, na miksi yenu mbaya mbaya ya mwongozo ili ajue nani anapaswa kuwa mbele. Zile sampuli za mapigo ya peke yake ziende pia, kwenye folda yake.